Shangazi Aliyekalia Mikono

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, Shangazi, kama sote kazini tunavyomwita, atarudisha funguo za droo yake na kustaafu, baada ya miaka ishirini na saba hapa kwetu, kumi na minne kati ya hiyo akiwa mhandisi mkuu wa programu. Wakubwa walitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Wasomi wakaangaliana. Mimi niliyeishia kidato cha pili, nikajifunza kompyuta kwenye kibanda cha kutengeneza simu, nikasema leteni karatasi.

Alianza wakiwa watu wanne, chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Feni ilikuwa moja, nayo ilielekezwa kwenye kompyuta, si kwa watu. Hao wanne ndio waliotunga mfumo unaopeleka majibu ya maabara kwa madaktari wodini. Hospitali zilikuwa mbili, na kila kilichoharibika Shangazi alikitengeneza mwenyewe. Leo hospitali ni arobaini na moja, sisi tumefika tisini, tumejaza ghorofa tatu na bado tunagombania viti.

Watu walipoongezeka, tulidhani mkuu ataandika programu nyingi zaidi. Yeye akapunguza. Akawa anajisukuma na kiti chake cha ofisini chenye magurudumu, meza hadi meza, akiuliza maswali ya kuudhi: kwa nini umechagua njia hii, sababu umeiandika wapi, ukiugua kesho nani anaijua? Na akifika kwako anakalia mikono. Sitanii. Anaiweka chini ya mapaja ili isiguse kibodi ya mtu. Mgeni mmoja alimletea shali, akidhani bibi wa watu anasikia baridi.

Sasa tusidanganyane: fundi mkali kuliko wote jengo hili ni mimi, na anayebisha aje meza namba saba. Sehemu inayogawa majibu kwa kila wodi niliiandika peke yangu, na hakuna niliyemruhusu kuisogelea. Kila swali lilikuja kwangu, nami nikavimba kama puto. Halafu nikaenda harusini kwa dada yangu, simu nimezima, na asubuhi ileile majibu yakakwama.

Shangazi dawa aliijua; ni ya dakika kumi. Lakini kwanza alipiga simu hospitali zote, majibu yakachapwa na kupelekwa wodini kwa miguu, mpaka akahakikisha hakuna mgonjwa aliyesahauliwa. Kisha akawaita wahandisi wawili wachanga, akakaa katikati yao, akakalia mikono. Muda wa saa nne nzima! Mkurugenzi alitembea kwenye korido mpaka soli zikalia, akiuliza kwa nini mama huyu hagusi kitu. Shangazi akamjibu kwamba akigusa leo, atagusa mpaka kaburini. Mchana vijana wakalipata kosa. Wakafuta na nusu ya kazi yangu, eti haikuwa na faida.

Nilirudi nikitegemea kupokewa kama mfalme. Nikapokewa na jina: Kizibo. Aliyenibatiza ni Shangazi. Alinieleza, huku akinicheka waziwazi, kwamba mtu ambaye akitoka kidogo kazi inasimama si mhandisi mkuu, ni kizibo cha chupa: hakipiti kitu mpaka yeye akubali. Nilinuna wiki mbili na barua ya kuacha kazi nikaiandika. Yeye akanipa adhabu: miezi mitatu nisiandike hata mstari mmoja wa programu. Niwafundishe wale wawili, na kila uamuzi tuuingize kwenye daftari la wote pamoja na sababu yake. Sijawahi kuchoka vile. Kumbe kujua si kazi, jamani. Kazi ni kumwachia mwenzako naye ajue.

Kwa hiyo alipotangaza kustaafu, ghorofa zote tatu ziliulizana jambo moja: huyu akiondoka, tutaweza kusimama wenyewe?

Jumanne iliyopita mfumo ukakwama tena. Zamu ilikuwa ya binti mwenye wiki tatu kazini. Niliona kosa kabla hajamaliza kufungua kompyuta. Vidole vikaniwasha kama nimeshika upupu. Nikamtazama Shangazi. Akanitazama. Nikasogeza kiti karibu na binti, nikakalia mikono yangu. Binti akavuta daftari, akaanza kusoma.

Hapo Shangazi akainuka, kosa halijapatikana bado, akachukua kikombe chake akaenda kunywa chai.

Dakika arobaini baadaye, binti akiwa ameshalirekebisha kosa, tulimkuta dirishani, anachagua rangi za vitambaa kwenye simu. Hakuuliza kama mfumo umepona.

Shukrani zetu ni kwako, Shangazi, na kwa shemeji yetu seremala, aliyetuazima mke miaka yote hii na sasa ameshamchongea meza ya cherehani. Tunakutakia siku ndefu, afya tele na mapazia yaliyonyooka. Mikono uliyoikalia kwa ajili yetu, sasa itoe. Ni yako.