Bastola ya Zamu: Maisha ya Firmin Bisimwa Cirhuza

Waheshimiwa mapadri, wazee wa jamii yetu ya Bukavu hapa Johannesburg, ndugu zetu wa Tanga na Unguja mliofunga maduka ili mje, majirani wa Yeoville, na ninyi watoto mnaosikia Kiswahili vizuri hata kama mnatujibu kwa Kiingereza, familia imempa Ignace, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake leo Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2019, nayo inawaomba msikilize hadi mwisho kabla hatujaondoka kwenda makaburini, kwa sababu kuna ombi ambalo hatutaki mtu yeyote amtolee mjane kule kaburini, wahusika wanalijua, na tutalifikia.

Marehemu Firmin Bisimwa Cirhuza alizaliwa tarehe 14 Mei 1971 huko Kabare, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Cirhuza na Mama Léocadie, ambaye Mungu bado anatuwekea, yuko Bukavu, na saa hii anasikiliza haya kwa simu ya mjukuu wake. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kabare kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari mpaka mwaka wa nne, mwaka 1987, karo ikakatika, naye hakulia wala hakumlaumu mtu, akashuka Kadutu kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa parokia aliyekuwa mkali kama pilipili, na mwaka 1990 akaanza kushona suruali kwa mkono wake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti 1998 vita vya pili vilipoanza, vijana wa mtaa walipita nyumba kwa nyumba wakigawa bunduki, wakasema kila baba ana haki ya kulinda mlango wake, na Mzee Cirhuza, ambaye maishani mwake alikuwa ameshika jembe na rozari tu, alipewa moja, wakawa wanalinda kwa zamu, bunduki ikitoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Tarehe 9 Novemba mwaka huo kundi lingine likaja, halikuuliza chama wala kabila, liliuliza neno moja tu, “Iko wapi?”, na mzee akasema ukweli, kwamba haiko kwake, zamu ni ya jirani, nao wakamwua mlangoni pale pale, Firmin akiwa nyuma ya pazia na mkono wake kwenye mdomo wa mama yake ili asipige kelele. Hilo hakulisimulia mara nyingi. Tunalisoma leo ili mjue kwamba marehemu alipokataa bunduki hakukataa kwa woga wala kwa kusikia maneno ya redio, alikataa kama mtu aliyeungua anavyolikwepa jiko.

Aliondoka Bukavu mwaka 1999, akapita Uvira, Kigoma, Malawi na Msumbiji, akashona nguo za watu kila alipopumzika, akaingia Johannesburg mwezi wa Aprili 2001. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ulinzi kule Midrand, kwenye lango la nyumba za wakubwa, kuanzia 2002 hadi 2007, ambapo wenzake wenye karatasi kamili walipewa bastola na yeye mkimbizi akapewa fimbo na filimbi, na alipenda kucheka kwamba alilinda watu wenye bunduki tano ndani kwa kuwapulizia filimbi. Mwaka 2007 alifungua duka lake la ushonaji Yeoville, na wengi wenu hapa mmevaa mkono wake, hata hizo suti nyeusi tunaziona. Alijua koti la mtu mwenye bastola, kwa kuwa mteja wa namna hiyo huomba upande wa kulia uongezwe kidogo kiunoni, naye alikuwa akiongeza, anapokea hela yake, halafu anamwambia, “Koti litakaa vizuri, wewe ndiye sijui kama utakaa.”

Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa takatifu na Clémentine, msusi, ambaye wote mnamjua na saluni yake iko milango minne kutoka dukani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Gaël aliyezaliwa tarehe 11 Juni 2004, Murielle tarehe 2 Februari 2008, na Carmel tarehe 30 Agosti 2012. Mwaka 2014 yeye na mke wake walipata ukaazi wa kudumu pamoja na kitambulisho, tukala mbuzi, tukacheza, hatukujua kwamba tunashangilia mlango wa balaa, maana sheria ya hapa haimpi mkimbizi leseni ya bunduki, lakini mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuiomba, na katika mtaa wetu wote wenye hiyo karatasi walikuwa hao wawili tu.

Aprili 2015 watu walipoanza tena kufukuza wageni na kuvunja maduka, simu ya polisi ililia bila kupokelewa, na wafanyabiashara wa mtaa wakakutana chini ya mwenyekiti wao Baba Lambert, wakamwomba Firmin aombe leseni kwa jina lake, wao wachange bastola inunuliwe. Alikataa. Alikataa tena mwaka 2016, na walimwita mwoga, na Twalib wa Tanga, jirani yake wa duka na rafiki yake wa kila siku, alimwambia mbele ya wateja kwamba mwanamume asiyeweza kulinda mlango wake ni mpangaji tu hapa duniani.

Tarehe 18 Machi 2017 duka la kinyozi Alexis lilivunjwa mchana, Alexis akauawa kwa mawe, mwana wa watu, hajamkosea mtu. Siku ya kumzika, sanduku likiwa limeshateremshwa na udongo haujarudishwa, Baba Lambert alisimama ukingoni mwa kaburi akamwita Firmin kwa jina mbele ya umati wote, “Firmin, karatasi unayo, utatuangalia tukiisha mmoja mmoja?” Ndugu zangu, kuna maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu akiwa kaburini, mjane wa mtu akimtazama. Alisema ndiyo. Akafanya mafunzo na mtihani, akafunga kasha la chuma ukutani kwa boliti kama sheria inavyotaka, na afisa wa polisi alipokuja nyumbani kumwuliza Clémentine kama anakubali, Clémentine alikuwa ameshamwambia mume wake jikoni, “Papa Gaël, ile kintu haitalala mu nyumba yangu,” lakini sebuleni alikuwa amekaa mke wa Alexis na nguo zake nyeusi, basi naye akakubali. Leseni ikatoka mwezi wa Novemba 2017, bastola ikanunuliwa.

Sasa wote wamechanga, kila mmoja anaona ana sehemu yake, na sisi Wakongomani tunajua namna moja tu ya kugawana kitu kimoja kwa watu wengi, nayo ni likelemba, upatu wa leo kwako, kesho kwangu. Wakataka bastola izunguke maduka kama pesa ya likelemba inavyozunguka. Firmin akasema hapana, sheria inasema chuma kikae na mwenye leseni, hakitatoka kiunoni mwake, lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na amepokea mchango wao, akakubali kuzunguka yeye mwenyewe, wiki hii jioni anafunga duka na huyu, wiki ijayo na yule. Na kwa kuwa likelemba ya siri ni wizi, kila Jumapili baada ya misa Baba Lambert alitangaza kwenye kundi la simu, “Wiki hii zamu iko kwa fulani,” watu wakajibu sharp, sharp, asante mwenyekiti. Mtaa wote ulijua. Hatukuficha kitu. Tunawaambia waziwazi, uwazi ule tuliokuwa tukijivunia ndio uliomwua, maana kinachowafanya watu waaminiane juu ya pesa si lazima kifae juu ya silaha.

Tarehe 7 Juni 2018, mahakama ya katiba, iliyo hapa hapa Johannesburg, ilitoa hukumu kwamba katika nchi hii kumiliki bunduki si haki ya msingi, ni ruhusa inayotolewa kwa masharti, na redio ya dukani ilipoisoma habari hiyo Twalib aliingia akiwa amewaka, akasema, “Hakimu analala ana walinzi mlangoni, atajua nini yeye!” Firmin alikuwa anapinda gauni la harusi, pini ziko mdomoni, akamjibu hivyo hivyo kwa pembe ya mdomo, “Twalib ndugu yangu, mimi hapa kila kitu changu ni ruhusa, kukaa ruhusa, kushona ruhusa, mtoto kuingia shule ruhusa, sasa chuma ndicho kiwe haki?” Twalib akamwuliza, “Na roho yako je, nayo ni ruhusa?” Firmin akatoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye mto wake, akarudi kwenye pindo la gauni; haya ametusimulia Twalib mwenyewe wiki hii.

Mwanzoni mwa mwezi huu mji ulichafuka tena, mliona wenyewe, na bastola haikumlinda mtu yeyote wala duka lolote, kwa kuwa umati hauji kwa zamu. Ulipotulia, Alhamisi tarehe 12 Septemba 2019, jua bado liko kwenye mabati, zamu ikiwa ya Twalib kama ilivyotangazwa Jumapili, Firmin alikuwa ameinua mikono yote miwili anavuta chini mlango wa chuma wa duka la rafiki yake, ndipo watu watatu wakatokea upande wa robot, pale kwenye taa za barabarani, hawakutaka hela, hawakutaka simu, na mmoja wao akauliza kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki ninachowasomea, “Ya zamu iko wapi?” Twalib anasema Firmin hakushusha mikono, alisema, “Ninayo mimi, chukueni, huyu msimguse.” Waliichukua kiunoni mwake na wakampiga nayo risasi mbili za tumbo.

Twalib anasema pia, na familia haitamfunga mdomo kwa sababu alimbeba kaka yetu mgongoni mpaka barabarani, kwamba kosa halikuwa bastola, kosa lilikuwa kuitangaza, na kwamba hata kesho angepata leseni yake mwenyewe angebeba bastola. Haya, aseme. Mtu mwenye wazo lake alibebe kwa jina lake, akaidai leseni serikalini kwa jina lake, tutamsikiliza na tutabishana naye kama Firmin alivyobishana naye. Tusichokubali ni wazo la watu ishirini kuning'inizwa kwenye kiuno cha mtu mmoja.

Marehemu alipelekwa hospitali ya serikali, akapasuliwa mara mbili, akawa hajitambui, na Ijumaa tarehe 20 alifumbua macho, akamtambua Clémentine, akamtambua Ignace, akaomba maji ambayo madaktari walikuwa wamekataza, halafu akamwambia mke wake, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie, “Wasikupe wewe zamu.” Hakusema neno lingine la maana. Aliaga dunia Jumapili asubuhi tarehe 22 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Sasa tumefika. Jumatano ya wiki hii, matanga yakiwa bado mabichi, wanakamati watatu wa wafanyabiashara waliingia jikoni kwa Clémentine, wakamsaidia hata kuosha masufuria, kisha wakamwambia, “Mama Gaël, karatasi unayo, kasha liko ukutani, mtaa hauna kitu.” Hatusemi ni watu wabaya. Mmoja wao amebeba sanduku hili asubuhi. Wana watoto, wana maduka, wanaogopa, na Clémentine naye ana saluni mtaa ule ule na anaogopa kuliko wao, hata aliomba siku mbili afikiri, na familia ilikaa siku hizo mbili roho mkononi. Lakini tulikumbuka Firmin aliulizwa wapi, na tukaona jibu la Clémentine lisomwe hapa ndani, watu wakiwa wamekaa, asije akaulizwa amesimama juu ya udongo. Jana jioni alisema tuliandike kama lilivyo, na limeandikwa hivi: “Baba Lambert, leteni kwanza ile ya papa Gaël, ndipo tuongee ya pili.”

Maana ile ya kwanza haijapatikana. Iko nje huko, na namba yake bado imeandikwa kwa jina la Firmin Bisimwa Cirhuza, mtu ambaye hakuwahi kuifyatua nje ya uwanja wa mafunzo, na kila itakapolia katika mji huu polisi watafungua kitabu chao na kulisoma jina la fundi wetu wa nguo. Hilo ndilo wanalorithi Gaël, Murielle na Carmel, pamoja na cherehani tatu. Kasha la chuma Ignace ataling'oa Jumatatu, ukuta utabaki na matundu, yataachwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku zote zile bila kumwuliza ametoka nchi gani, mapadri na wakristo wa Yeoville, wauzaji wa Kensington walioleta chakula, mafundi wenzake waliomshonea suti anayozikwa nayo wakakataa hata hela ya uzi, ndugu zetu Waislamu waliokesha nasi, Twalib kwa mgongo wake, na kamati ya wafanyabiashara kwa sanduku na magari, asanteni, tunashukuru kweli, na jibu mmelisikia.

Kaka Firmin, ulivuta mlango wa mwenzako mpaka mwisho, sasa shusha mikono. Lala kwa amani, mwana wa Cirhuza, msalimie mzee, huko mliko wawili hakuna mtu atakayesimama mlangoni awaulize iko wapi.