Tatu, Kisha Mbili: Maisha ya Mama Taipu

Aliyenieleza kwanza kwamba kila kisanduku cha jedwali kina anwani yake ni marehemu mwenyewe, mavyaa wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taipu, na kwa sababu hiyo familia imeniomba mimi, mke wa mwanawe, niwasomee maisha yake, ingawa mnajua sauti yangu ni ndogo, hivyo walio nyuma naomba msogee.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa mshona viatu na mkewe. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na kwa kuwa nafasi ya kuendelea alipewa kaka yake, alijifunza kupiga taipu kwa jirani aliyekuwa karani, ambaye alimfunga macho kwa leso mpaka vidole vikajua njia vyenyewe.

Mwezi Machi 1980 aliajiriwa katika ofisi ya wakili, na mwaka 1996 akahamia duka la kuchapa na kutoa nakala, akafanya kazi huko mpaka alipougua, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, ambacho mlango wake mwenye duka aliufunga kutwa ili vumbi lisiingie kwenye mashine. Wateja wengi walimjua kwa sauti tu, wakisimama nje na kuuliza, "Mama Taipu, upo?" naye akijibu, "Niende wapi, baba?" watu wakacheka.

Tarehe 7 Agosti 1983 aliolewa na fundi redio, wakajaliwa watoto wawili, ambao ni wifi yangu na mume wangu. Fundi alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Nilipoolewa, mwaka 2018, mama alinichukua dukani nimsaidie, mtoto mgongoni, akanifundisha kwamba kwenye kompyuta, katika majedwali ya programu ya kuandikia barua, safu za wima huitwa kwa herufi kutoka kushoto, na mistari huitwa kwa namba kutoka juu, hivyo kisanduku cha tatu cha mstari wa pili ni C2, na anayeandika fomula ya kujumlisha hutaja anwani hizo. Siku moja jedwali la mahudhurio ya shule lilinitoa machozi, jumla ilikuwa haiji, kumbe visanduku viwili vya mwanzo wa mstari vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja. Mama akaniambia, "Mashine haina macho, mwanangu. Inahesabu vilivyomo kwenye mstari, basi. Wawili wakishakuwa mmoja, jirani yao anasogea kuchukua nafasi." Nikamwambia mbona mimi namwona palepale chini ya herufi yake. Akasema, "Macho ni yako, hesabu ni yake."

Tarehe 3 Februari 2023 mama alipatwa na kiharusi, sauti ikapotea, mwili ukakataa, kikabaki kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mume wangu alichapa jedwali la mahitaji yake, herufi juu, namba pembeni, akamwonyesha mara moja, kisha akalibandika ukutani juu ya kichwa chake, mahali ambapo sisi tuliliona na yeye hakuliona. Mstari wa kwanza ulikuwa na maji, chai, dawa na redio. Wa pili ulianza na maneno marefu, "nigeuzeni upande mwingine", yaliyounganishiwa visanduku viwili, kisha blanketi, kisha mlango. Mama alitaja herufi kwa kugonga kidole kwenye ubao wa kitanda, akapumzika, akataja namba.

Akagonga tatu, kisha mbili. Tukaitafuta C, tukashuka mstari wa pili, blanketi, tukamfunika. Akagonga tena, tukaongeza la pili. Ilikuwa miezi ya joto. Wifi akasema, "Mama amekuwa mtu wa baridi, leteni na lile la wageni," na mama akafumba macho, tukadhani ameridhika, tukatoka na kumfungia mlango apate kulala.

Nilikuwa nabadilisha shuka zilizolowa jasho nilipolitazama jedwali lile nikakumbuka mahudhurio ya shule. Mama alikuwa anahesabu kama mashine, maneno marefu ni A, blanketi ni B, na C ni mlango. Niliufungua, kelele za wanangu zikaingia kutoka uani, na nusu ya mdomo wake iliyobaki hai ikacheka. Mume wangu akamwambia, "Mama, hata kitandani unatusahihisha?" Tangu siku hiyo mlango haukufungwa mchana.

Tarehe 20 Juni hali ilibadilika, akalazwa hospitalini, kitanda cha mwisho ukutani, katika wodi ambayo mlango wake hufungwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Kidole kikaanza kugonga chuma cha kitanda, tatu, kisha mbili. Nilimwomba muuguzi wa zamu, akanijibu kwa upole, "Dada, mlango huu si wangu wala wako." Nikarudi kumwambia mama kwamba haiwezekani. Akagonga. Nikakishika kidole, kikaendelea kugonga ndani ya kiganja changu, mpaka alasiri ya tarehe 23 Juni 2023, kilipotulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa zamu, aliyeniletea kiti akasimama nami, majirani waliowalea wanangu siku zote hizo, na mwenye duka pamoja na wafanyakazi waliofanya kazi na marehemu, ambao leo wamefunga kazi wakaja wote.

Pumua sasa, Mama, upumzike.

Asubuhi iliyofuata mazishi, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, nilikunja mablanketi yote matatu, nikaufungua mlango wa chumba chake, nikauzuia kwa mashine yake ya zamani ya taipu, ya chuma, aliyokuwa akiitunza humo chumbani, ambayo mtu mmoja haiinui kirahisi.