Siku ya Kumi ya Zamu

Benchi letu la Mususa, mtaa wa Butembo, ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali, mbele ya karakana ya Maliro, seremala. Na kahawa yake huuzwa na Kavira, ambaye hamwamini mtu anayekunywa kimya. Jumamosi ile kikao kilianza mapema, kwa sababu ilikuwa siku ya kumi tangu Zamu, mbwa wa Maliro, amuume mkononi Kanyere, binti wa Maliro mwenyewe, mwenye miaka sita. Kidonda kilioshwa kwa sabuni, mtoto akapelekwa kituo cha afya akachomwa sindano, na muuguzi akaagiza mbwa asiuawe: afungwe, alishwe, atazamwe siku kumi, ijulikane kama ana kichaa. Siku zilitimia. Zamu alikula, alikunywa, alilala, kichaa hakikuonekana. Lakini Maliro alikuja na kamba nyingine, nene kuliko ile aliyomfungia, akaiweka gotini.

— Leo ninamumaliza, alisema. Mbwa mwenye ameonja damu ya mutoto wangu ataonja tena.

— Hapana fanya haraka, Tata Maliro, alijibu Kitsa, tunayemwita Douane, yaani Forodha, kwa kuwa alipitisha mizigo mpakani Kasindi miaka minane, na hadi leo hufungua kila neno kama gunia. Ile mbwa uliinunua wapi?

— Kasindi. Si ni wewe ulinipeleka?

— Voilà! Donc alikomalia Uganda. Miaka tatu munamusemesha Swahili, yeye anasikia makelele tu. Mutoto alimusalimia, yeye akaona ni matusi.

— Hiyo ni akili ya mupaka, akadakia Abdias, fundi wa redio, ambaye jina lake la benchi ni Antena. Mimi nimechunguza. Tangu bapandishe ule munara wa telefone kule juu, hata kuku zinataga vibaya. Masikio ya mbwa iko na nguvu kushinda yetu. Donc Zamu anapokea ba-appels yote ya telefone ya Butembo, na hana namna ya kujibu. Ungekuwa ni wewe ungefanya nini?

— Ningezima, alisema Kavira.

— Mama Kavira, tuko mu siyansi hapa.

— Na mimi niko mu kahawa. Sogeza kikombe.

Douane hakukubali kushindwa na mnara.

— Ni ile nguo, robe nyekundu ya Kanyere! Ilitoka mu balo ya mitumba. Na balo ile ilipita Mombasa, ikapita Kampala, ikapita Kasindi, mikono ya batu elfu moja iko ndani. Zamu alinusa batu elfu moja banaingia mu parcelle, mu uwanja wenu, mara moja. Mais, alifanya kazi yake!

— Batu elfu, akauma mumoja tu? aliuliza Kavira. Basi ni muvivu.

Tulicheka hadi ubao ukatikisika. Maliro hakucheka. Alikuwa akikaza kitanzi, akikilegeza, akikikaza tena.

— Munacheka. Mutoto wangu anazunguka nyuma ya choo juu ya kuogopa kupita mbele ya mbwa. Mu nyumba yake mwenyewe! Kati ya hawa babili, mumoja atatoka. Na hawezi kuwa mutoto.

Hapo ndipo alipofika Ngalula, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyetumwa kwetu kutoka mkoa wa Kasaï muhula huu. Alikuja kunywa kahawa, akasikia maneno ya mwisho, akaitazama kamba.

— Papa Maliro, Kanyere mwenyewe anasemaka nini?

— Juu ya nini?

— Juu ya ile siku. Mulimuuliza?

Kwa siku kumi tulikuwa tumeihoji Uganda, mnara na balo la nguo. Mtoto hakuna aliyemhoji.

Baba yake akamwita. Kanyere akaja kwa njia yake mpya, ya nyuma, akasimama kando ya rundo la mbao.

— Nilimushika masikio, alisema, nikamuinua. Kama vile Papa anafanyaka wakati ba-client banakuja. Akanguruma. Nikamuinua tena, juu bale banachekaka.

Kwa kidevu aliwaonyesha hao wanaocheka. Ni sisi.

Alisema kweli, wala sitaipamba. Kila alipokuja mteja wa kitanda au wa mlango, Maliro alimwinua Zamu kwa masikio hadi miguu ya mbele ikaning'inia na meno yakaonekana, ijulikane kwamba karakana hii ina mlinzi mkali. Nasi tulipiga makofi. Mimi pia.

— Na wewe, Papa, Kanyere akauliza, juu ya nini wewe anakuachaka bila kukuuma?



Maliro aliweka kamba chini. Akamwendea mbwa pale alipofungwa karakanani, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake. Na kabla mkono haujamgusa, Zamu alifumba macho, akalaza masikio, akabandika tumbo lake ardhini. Mkono ukabaki hewani.

— Mukono wa juu anaujua, alisema Ngalula kwa upole. Uushushe. Vidole ndani. Hapana kumufwata, muache akuje yeye. Na akiwa anakula, ao analala, hapana kumugusa. Ni vile ninafundishaka batoto.

— Mimi niko mutoto?

— Leo, ndiyo.

Seremala alichuchumaa, akaweka ngumi yake juu ya maranda. Kanyere alitoka kwenye rundo la mbao, akachuchumaa kama baba yake, hatua mbili nyuma. Zamu alifumbua jicho moja, kisha la pili, kisha akanyoosha shingo kidogo. Magoti ya Maliro yalianza kumuuma, akataka kubadili mguu.

— Hapana sogea, Papa, binti yake alinong'ona. Eko anakunusa bado.