Tiketi ya Mwalimu Johana, Mtoto wa Safari

Mwalimu Johana Kipruto alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 kando ya barabara ya Mulot, mama yake Rebeccah akitoka kuuza mahindi. Ndiyo maana akaitwa Kipruto, mtoto wa safari. Rebeccah alizoea kumtania, "Wewe hata kunisubiri nifike nyumbani ulishindwa!"

Alisoma shule ya msingi Chebunyo, akamaliza sekondari Bomet mwaka 2012, kisha akasomea ualimu wa hisabati. Mwaka 2018 aliajiriwa katika shule moja ya upili karibu na mpaka, Kaunti ya Mandera. Kila muhula alibeba mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu. Wanafunzi walipoona maziwa yana masizi walipiga kelele, "Mwalimu anakunywa makaa!" Mwaka wa pili walikuwa wakimngojea langoni na vikombe.

Mwaka 2021 alifunga ndoa na Nelvine, na Mungu akawajalia binti, Chemutai.

Desemba iliyopita alikuja likizo. Wanamgambo walikuwa wameshambulia basi huko Mandera, na Rebeccah akamkataza kurudi, kabisa. Tarehe 4 Januari redio ikatangaza kwamba kiongozi mkuu wa wanamgambo hao ameuawa. Rebeccah amechuma chai miaka ishirini na miwili. Anajua nyapara akiondoka shambani, watu huketi chini. Akamwambia, "Mkubwa wao ameenda. Sasa rudi, watoto wa watu wanakungoja." Johana akacheka. "Mama, hao si wachumaji wa chai." Lakini akaenda. Siku kumi na moja baadaye redio ikataja kiongozi mpya, na huyo alitaka ajulikane haraka.

Johana hakuugua. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025 walivamia nyumba za walimu, wakiwatafuta waliotoka bara, wasio wenyeji wa huko. Mwalimu mwenzake Abdinoor alisimama mlangoni akisema, "Huyu ni ndugu yangu." Walimpiga risasi mkononi, wakaingia. Abdinoor ndiye aliyeusindikiza mwili wa Johana mpaka hapa, na leo ameketi na familia, mkono ukiwa umefungwa. Asante, ndugu yetu.

Tangu siku hiyo Rebeccah hajawasha redio. Hali, halali, anarudia tu, "Ni mimi nilimtuma." Jamani, uchungu huu umetushinda. Lakini juzi Nelvine alifungua koti la marehemu, akapata tiketi ya basi la Nairobi, njia yake ya kurudi Mandera. Ilikatwa tarehe 2 Januari, siku mbili kabla ya ile habari ya redio.

Ameacha mjane Nelvine, binti Chemutai, baba yake Mzee Kimutai, ndugu yake Kipkirui, na mama yake Rebeccah, ambaye ameishika tiketi hiyo sasa hivi.

Mama, soma hiyo tarehe. Alikuwa ameshaamua kwenda. Alichokuja kutafuta kwako ni baraka, na ulimpa.

Mtoto wa safari, umefika nyumbani. Pumzika kwa amani.