Mtani Aliyenivunjia Hoja Kaburini

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wa kanisani na wa msikitini, nawasalimu wote. Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mazuri mno. Amesema niliifaulu ile karatasi ya hoja kwa sababu Mungu alinijalia kichwa. Kaeni vizuri niwaambie kichwa hicho kilivyopondwa kwanza.

Mtihani wenyewe mnaujua, ndiyo maana mko hapa Jumamosi badala ya kuuza maandazi. Ni ule wa watu wazima wanaotaka kuingia chuo kikuu bila kupitia kidato cha sita. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Songea, siku zile biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa sabuni na mishahara yetu ikawa kichekesho. Wenzangu walifungua magenge ya mboga, wengine twisheni, wengine mitumba. Mimi nilijiona msomi. Nikasema nitatoka kwa njia ya akili.

Nikafeli. Mwaka uliofuata nikafeli tena. Karatasi nyingine zote nilizipita, nikaangushwa na ile ya hoja. Mnapewa kisa kifupi, mtu anafikia hitimisho, kisha mnaulizwa: lipi kati ya haya, likiwa kweli, linadhoofisha hoja yake? Nakumbuka kisa cha kijiji kilichoanza kutumia mbolea, mahindi yakaongezeka, basi ikasemwa ni mbolea iliyoyaongeza. Jibu moja lilisema mwaka huo mvua ilikuwa nzuri kuliko miaka yote ya karibuni. Jingine lilisema kilimo ndicho tegemeo la taifa. Ndugu zangu, mimi nilichagua tegemeo la taifa.

Msicheke sana, nyinyi wenye umri wangu. Tulifundishwa hivyo. Kwetu jibu sahihi lilikuwa lile ambalo mtu anaweza kulisimamia kwenye mkutano wa hadhara, akapigiwa makofi, akarudi nyumbani salama. Nilikuwa natafuta jibu jema. Kama linagusa hoja au haligusi, halikunijia kichwani.

Mwalimu mkuu aliyasoma matokeo yangu kwa sauti mbele ya walimu wote, mara zote mbili. Baada ya ile ya pili akanipa usimamizi wa vyoo vya wanafunzi, na watoto wakaniita Profesa wa Choo. Afisa elimu naye akaniambia, "Nakuruhusu mara moja ya mwisho, mwalimu. Ukirudi mikono mitupu, usiniletee tena uso huo." Kwa hiyo ilibaki mara moja. Nikiikosa, nitazeeka na chaki na lile jina.

Kabla ya mtihani huo baba yangu akafariki.

Nyumba ya baba iko peke yake ng'ambo ya mto, upande wa Hanga, hakuna nyumba nyingine karibu. Watu walikuja wengi. Mimi kama mtoto wa kwanza nikasimama kaburini kusema neno la familia. Sasa, mnajua utani wetu Wangoni na Wahehe. Mtani msibani hana adabu, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye kosa. Na wangu alikuwepo, mwalimu mwenzangu wa darasa la pili, mwanamke wa Iringa mwenye sauti ya kengele.

Nikaanza, "Baba alipendwa. Tazameni mlivyojaa."

"Tumemfuata ng'ombe!" akasema. "Ungechinja kuku, ungetuhesabu kwa vidole."

Nikajikaza. "Hakuwahi kugombana na jirani yake."

"Jirani yupi? Nyani?"

Watu wakaanza kucheka. "Alikuwa mpole. Mimi hakunichapa hata siku moja."

"Angekukamata na mguu ule?"

Baba alikuwa mlemavu wa mguu. Katekista akainamisha uso afiche meno. Nikaona nimmalize kwa jambo lisilo na mzaha. Nikasema kwa sauti ya kilio, "Na amekufa akiamini mwanawe ataingia chuo kikuu."

Vicheko vikakatika. Nilidhani nimeshinda. Akajibu polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, "Ndiyo maana kaharakisha. Hakutaka matokeo ya mara ya tatu yamkute hai."

Mama yangu alicheka. Mjane, kanga kichwani, mumewe hajafunikwa udongo, alicheka mpaka akashikwa mabega. Nawaambia kweli, sijawahi kudhalilika namna ile, na sijui kama nimepona.

Lakini nikiwa nimesimama pale na udongo mkononi, jambo moja lilinijia. Yule mwanamke hakukanusha hata neno langu moja. Hakusema watu ni wachache. Alikubali tumejaa, kisha akamleta ng'ombe. Hakusema baba alinichapa. Akauleta mguu. Ushahidi wangu aliuacha mahali pake, akaonyesha kwamba ungeweza kutoka kwingine kabisa. Ng'ombe ndiye mvua! Kwa mara ya kwanza niliielewa ile karatasi, na nililipia kwa kaburi la baba yangu.

Matanga yalipokwisha nikamfuata ofisini wakati wa chai.

"Mtani, nifundishe kuvunja hoja."

"Sema shikamoo."

"Nimekuzidi umri."

"Umri si hoja. Sema."

Nikasema. Walimu wote wakiwa wanasikia.

Tangu hapo kila saa ya chai nilimletea kisa kimoja. Kwanza alinitaka niseme huyu mtu anataka tuamini nini. Kisha anatupa sababu gani. "Kati ya hayo mawili pana ufa," alisema. "Weka kabari hapo, upasue. Usinipigie nyundo kwenye gome." Nikimwambia jibu fulani ni la kweli, alinishambulia. "Jua ni kweli. Kufeli kwako ni kweli. Nionyeshe linaiumiza wapi hoja."

Siku moja nikaleta hii: watoto wanaokwenda twisheni wanafaulu kuliko wasiokwenda, basi twisheni inafundisha vizuri. Nikasema inadhoofishwa na ukweli kwamba twisheni ni ghali.

"Ghali inamuumiza mzazi," akasema. "Hoja imelala usingizi. Nani anaweza kulipia twisheni?"

"Wenye nacho."

"Na wenye nacho watoto wao wanasoma kwa taa gani? Wanakuja darasani na tumbo gani?" Akanywa chai. "Sasa imeamka inalia."

Hakunibakizia kitu. Nilijisahau nikasema, "Mke wangu bado ana imani na mimi, mbona hajaondoka." Akauliza, "Nauli ya kwenda kwao Mbesa ni kiasi gani?" Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashindwa kumtazama mke wangu usoni. Nilimwuliza mtani kwa nini basi anajisumbua na mtu kama mimi. Akasema, "Nataka nyumba yako ya shule. Ukienda Dar, mimi nahamia." Nikaridhika. Angalau hiyo ilikuwa sababu inayoeleweka.

Nikafanya mtihani. Kila swali nililisoma kwa sauti yake, na kila jibu jema lililonichekea nikalipita kama mlevi njiani. Nikafaulu. Mwalimu mkuu, aliyesoma kufeli kwangu mbele ya wote, kufaulu aliniambia pembeni, karibu na vile vyoo.

Nashukuru. Namshukuru mama kwa kile kicheko. Namshukuru mke wangu, ambaye nilimwuliza baadaye, akaniambia nauli alikuwa nayo wakati wote. Na msije mkatoka hapa mkitafuta wa kuwatukana, mkidhani matusi ndiyo dawa. Yupo mwalimu aliyetukanwa na mtani huyohuyo, meza ileile. Alifeli. Sasa anauza mitumba na anakula nyama kunishinda. Hapo pia tafuteni ufa.

Masika iliyopita tulimzika mtani wangu kule Ruhuwiko. Kaka yake akasimama, akasema, "Dada yetu alikuwa na huruma. Ushahidi ni huyu mwalimu hapa, alimfundisha bila malipo." Zamu ilikuwa yangu, desturi ni desturi. Nikapaza sauti, "Huruma gani? Alitaka nyumba yangu!"

Wakacheka sana. Mimi nikasubiri nijibiwe. Sikuwahi kutoa hoja mbele yake nikaachwa hivihivi. Nikasikia koleo tu.

Na hoja yangu ilikuwa mbovu, ndugu zangu. Nilipoondoka, ile nyumba ya shule alipewa mwalimu mgeni kutoka Mbinga. Mtani hakuuliza hata ufunguo. Alikuwa na nyumba yake palepale Ruhuwiko, bati zima, sakafu ya saruji, tangu kabla hajaniambia neno. Waliosimama pale walijua wote. Hakuna aliyelisema. Yeye angelisema kabla sijafunga mdomo.

Basi chukueni kalamu, tuanze. Mwalimu mmoja anadai kwamba mtani wake alimsaidia kwa ajili ya nyumba. Lipi, likiwa kweli, linadhoofisha hoja yake?