Benchi Lililomkana Mwalimu wa Jumamosi

Sogeeni hapa, wajukuu wangu. Mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, na wewe wa redio, izime. Haya yanataka masikio mawili, na sitayarudia, maana kila nikiyasema mdomo wangu unabaki mchungu siku nzima.

Kwenye kona ya nyumba za reli hapa Nakuru, pale lami inapokatika na vumbi kushika kazi, kuna taruma la reli, gogo zito la kulalia vyuma vya treni, lililolazwa juu ya mawe mawili. Hilo ndilo benchi. Celestine ameuza kahawa hapo miaka kumi na mmoja, birika juu ya makaa, vikombe kwenye beseni. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Diseli, fundi wa injini za treni aliyeachishwa kazi kabla mvi hazijamtoka. Wakili, ambaye jina lake ni Kipchirchir, bawabu wa ghala la mahindi, aliyepewa cheo hicho kwa kusimama mahakamani mara moja tu maishani, tena kama shahidi. Na Okeyo, waliyemwita Sampuli, kwa sababu hakuna utafiti uliopita mtaa ule bila yeye kuhojiwa: wa vyoo, wa malaria, wa kura, hata wa nyuki.

Kila Jumamosi saa tatu alikuja Mwalimu Nekoye na wanafunzi wake wa digrii ya pili. Chuoni alikuwa mwalimu wa kibarua, wa kuitwa muhula ukifunguliwa na kusahauliwa ukifungwa. Alifundisha watu wazima namna ya kufanya utafiti pamoja na wananchi, si kuwachungulia tu na kwenda zao. Na alikuwa na sharti moja: ulichoandika kuhusu benchi, utarudi ukisome kwa sauti mbele ya benchi, na benchi likikataa, unafuta. Siku moja mwanafunzi wake mmoja, mkubwa wa benki, alifutishwa ukurasa mzima. Sampuli alimwambia, "Umeandika sisi ni wavivu, tunakaa hapa saa nne asubuhi. Tunakaa kwa sababu kiwanda ilifungwa. Andika kiwanda." Yule mkubwa akaandika kiwanda.

Jumamosi ninayowaambia, saa nne ilifika na Mwalimu hakuonekana.

— Atakuja tu, Diseli akasema. Lazima aje atushukuru. Tulimchunga vizuri.

— Tulimchunga kabisa, Wakili akasema. Yule jamaa wa Jumanne alitoka hapa bure.

Jumanne ile alikuja mwanamume wa viatu vya njano, faili kwapani. Aliuliza, "Mnamjua mwalimu anaitwa Nekoye? Anasema huwa analeta wanafunzi hapa." Sasa benchi lina sheria yake ya tangu siku zile watu walipokuja kuorodhesha majina ya wapangaji ili wawafukuze kwenye nyumba za reli: mwenye faili haambiwi jina la mwenzako. Diseli akasema hajawahi kulisikia. Wakili akasema hapo hukaa wanaume peke yao. Sampuli, ambaye hajakataa swali tangu azaliwe, akasema hawajawahi kuona mwanafunzi, labda wa nasari. Celestine aliulizwa wa mwisho. Alikuwa anasuuza vikombe, hakuinua macho. "Mimi nauza kahawa tu, boss. Majina sishiki."

— Kwani alikuwa nani yule? Sampuli akauliza.

— Bwana yake, Wakili akasema. Mwanajeshi wa Gilgil. Anamtafuta bibi.

— Mwanajeshi gani anavaa viatu ya njano?

— Akiwa likizo.

— Wacha upuzi, Diseli akasema. Hiyo ni mambo ya reli. Treni zinarudi, wakubwa wanataka hii kona, na Mwalimu ameandika kwa vitabu kwamba sisi ndio wenye kona. Wanataka kuchoma hivyo vitabu.

— Mimi naona ni watu wa ng'ambo, Sampuli akasema, akivuta kikombe karibu. Yale maneno nilisema kuhusu kiwanda yamefika mbali. Kuna mzungu mahali amepata cheo nayo, na hataki ijulikane yalitoka kwa nani.

— Cheo kwa maneno yako?

— Cheo kubwa. Ana dereva.

Walicheka. Celestine hakucheka. Kitu kimoja kilikuwa kimemkaa rohoni tangu Jumanne. Mtu akinyimwa habari hukunja uso. Yule aliandika kila jibu polepole, akawashukuru mmoja mmoja, akaondoka ametulia kama mtu aliyepata alichokijia.

Ndipo akatokea mwanamke wa miaka kama thelathini, mkoba begani, vumbi mpaka magotini.

— Habari zenu wazee. Sasa, mathe. Hapa ndio kwa benchi ya Mwalimu Nekoye?

Wakili akatazama mawingu.

— Mwalimu nani? Diseli akauliza.

— Tafadhali, mzee. Mimi naitwa Chepchumba, ni mwanafunzi wake, nilijiunga nikiwa nimechelewa, ndio maana hamnijui. Nimetoka Ndabibi kukiwa giza. Akafungua mikono yote miwili. Sina faili, Mwalimu alituambia hamzipendi.

Celestine akamsogezea kigoda.

— Kaa, mama. Mwalimu ako wapi?

— Wamemtoa.

— Nani wamemtoa?

— Chuo. Kulikuwa na maneno huko ofisini, ati anajaza karatasi za masomo hewa, ati hakuna mahali anatupeleka Jumamosi. Na mwezi ujao walikuwa wamwandike kazi ya kudumu. Amengoja hiyo kazi miaka tisa. Ilibaki kitu moja tu, mtu wa mtaani aseme, ndiyo, huyu tunamjua. Wakatuma mkaguzi Jumanne. Ameandika wakazi wanne wamehojiwa, na hakuna hata mmoja anamfahamu.

Makaa yalilia kidogo.

— Si angetuambia kuna mtu anakuja, Wakili akasema.

— Hata yeye hakuambiwa.

— Mimi nilikataa wanafunzi tu, Sampuli akasema. Mwalimu mwenyewe sikumkataa.

— Okeyo, Celestine akamwita kwa jina lake. Wewe umejibu watu mpaka mambo ya nyuki. Siku moja tu ulitakiwa kujibu, hiyo ndio ukajifanya bubu.

— Na wewe je, Mama? Si ni wewe ulisema majina hushiki?

Celestine alirudisha kikombe kwenye beseni. Jina alilishika. Alijua pia kwamba mwenye jina hanywi sukari, na kwamba tangawizi huitaka mpaka imkerekete.

Wakili alisimama, akafunga kifungo cha koti.

— Twende huko chuo sasa hivi. Mimi nimesimama mbele ya jaji. Nitawaambia tulidanganya.

— Watasema amewapanga, mzee. Mmeshaandikwa. Imebaki rufaa peke yake. Chepchumba akatoa karatasi. Sisi wanafunzi tumeweka sahihi. Mkiweka na nyinyi inaweza kusaidia. Lakini lazima na yeye mwenyewe aweke, kwa mkono wake, na ifike ofisini kabla ya Jumatatu saa sita. Simu yake imezimwa tangu Jumatano.

Wakaweka sahihi, na kwa majina ya kweli. Ndipo siku hiyo wenzake walipojua kwamba Diseli anaitwa Levis Wasike. Celestine alifuta mkono kwenye aproni mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Chepchumba akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akainuka.

— Sasa twende kwake. Sisi darasani tuko na namba ya simu tu, na ofisini wamekataa kutuambia anakokaa. Nikasema watu wa benchi hawawezi kukosa kujua. Anakaa wapi?

Diseli alifungua mdomo haraka, kama mwenye jibu.

— Si ni Rongai?

— Rongai ni yule mwanafunzi wake wa miwani, Wakili akasema. Mwalimu hushukia stage ya juu.

— Kushuka si kukaa.

— Basi upande wa Gilgil.

— Gilgil ni wewe ulimpea, asubuhi hii, na bwana mwanajeshi.

— Kwani ana bwana?

Hakuna aliyejua. Miaka mitatu Nekoye alikaa kwenye taruma lile. Alijua goti la Sampuli linalouma mvua ikikaribia. Alijua tarehe Diseli aliyopewa barua ya kuachishwa, na watoto wa Wakili waliko, na yupi kati yao hamwandikii baba yake. Aliuliza, akaandika, akarudi akawasomea, wakamsahihisha. Na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumgeuzia yeye swali hata moja.

— Mimi nilimuuliza, Celestine akasema polepole. Kama niongeze tangawizi.

Chepchumba alibaki amesimama, mkoba ameukumbatia, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

— Basi yule jamaa wa viatu hatukumdanganya, Sampuli akasema.

Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu saa sita ilifika, ikapita. Wajukuu wangu, hata yasiyo mali hugawanywa, kwa hiyo sikilizeni nani alirithi nini. Darasa alirithi kijana mmoja aitwaye Bravin, anayelifundisha kwa kompyuta. Wanafunzi wake hawafiki mtaani, hutuma maswali kwa simu, na Sampuli huyajibu yote, na hakuna anayerudi kumsomea. Ile nafasi ya Mwalimu kwenye taruma aliirithi Wakili, akaweka kofia yake hapo ili asikae mtu mwingine. Chepchumba alirithi karatasi iliyokosa sahihi moja. Nekoye mwenyewe hakuachiwa kitu, na hajaonekana tena. Na Celestine alirithi lile swali. Mpaka leo ukiketi kwake hamimini kwanza. Anakuuliza unakaa wapi, nyumba gani, na watu wako ni akina nani. Wengine humjibu. Wengi husema huyu mama ana umbea, wakavuka barabara kwenda kunywa chai upande ule.