Bi Kaltham na Kozi Isiyomharakisha Mtu

Alhamisi tarehe 30 Aprili 2026, Bi Kaltham binti Muhanna atafunga kompyuta yake kwa mara ya mwisho katika Kituo chetu cha Masomo ya Mbali, Ibra, baada ya kusomesha kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Nilitaka kuandika "zaidi ya miaka thelathini", akanikataza. Alisema mwalimu wa hisabati hawezi kuagwa kwa makadirio.

Kijitabu cha sherehe hii kina kurasa za Kiarabu, zilizoandikwa vizuri na wanaojua kuandika. Ukurasa huu wa Kiswahili aliuomba mwenyewe, na kazi ikaniangukia mimi, Humoud, wa kitengo cha mifumo, kwa sababu wazee wetu sote wawili walitoka Unguja. Mimi lakini nimezaliwa Nizwa, na Kiswahili changu nimekipata jikoni kwa bibi yangu. Makosa mtakayoyaona humu ni yangu, na Bi Kaltham atakuwa ameshayapigia mstari yote kabla wali haujaletwa.

Alizaliwa Malindi, Unguja, mwaka 1966, akaja Omani na wazee wake akiwa na miaka minane. Kazi aliianza Septemba 1994, skuli ya wasichana Nizwa, akisomesha hisabati. Huko ndiko lilikoanzia jambo ambalo hadi leo watu wanalicheka. Bi Kaltham husomesha kwa Kiarabu safi kabisa, lakini akifika kwenye kuzidisha, akili yake inarudi nyumbani na anahesabu kwa Kiswahili, chini chini, bila ya kujijua. Ndiyo maana wako wanawake wa makamo Nizwa, wengine wakubwa wa idara, wasiojua hata neno moja la Kiswahili ila "sita mara saba, arubaini na mbili".

Alihamia kituoni kwetu mwaka 2009. Mara mbili alipewa tuzo ya mwalimu bora. Mara ya tatu aliikataa, akasema kama zipo fedha za kutengenezea ngao nyingine basi zinunuliwe mashine ya kutolea nakala, kwa kuwa ile iliyokuwepo ilikuwa inatafuna karatasi. Mashine ilikuja na ipo mpaka leo, na jina lake halikuandikwa popote juu yake.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ni kozi ya hisabati za fedha. Mwaka 2022 aliombwa atunge kozi ya watu wenye kazi na familia wasioweza kufika darasani: mtu anajisomea kwake, anafungua somo anapopata nafasi, na anaingia la pili anapolielewa la kwanza. Hakuna ratiba ya wiki wala ya mwezi, ila mwisho wa mwaka tu. Masomo kumi na mawili, kila moja na video zake, mazoezi yake na mtihani wake mdogo. Ilimchukua miezi kumi na minne.

Kitabu alichopewa kama mfano kilikuwa na bwana mmoja anayenunua nyumba kwa mkopo wa riba katika mji wenye theluji. Bi Kaltham alikisoma chote, kwa adabu, kisha akakiweka juu ya kabati. Katika kozi yake fedha zinapita tunapopaona: zamu ya maji ya falaji, mfereji wetu wa kunyweshea mashamba, inayokodishwa kwa mnada, tende zinazouzwa zikiwa bado juu ya mtende, mbuzi wa soko la mji wa Adam. Bei za mbuzi hakutaka kuzibuni. Alikwenda Adam siku ya soko na daftari lake, akarudi na bei zote, na mbuzi mmoja ambaye hakuwamo katika mpango. Mbuzi huyo yumo katika somo la nne, na tulimla sote mwezi wa Shaaban.

Januari 2024 waliingia wanafunzi sitini na mmoja, kutoka Sur, Adam, Jalan Bani Bu Hassan na vijiji vya baina yake. Desemba wakamaliza saba.

Hapo hapakuwa na kicheko. Ilikuja barua kutoka juu: kozi inapewa mwaka mmoja zaidi, na ikiwa hawatamaliza angalau nusu ya watakaojiandikisha, itafungwa. Wanafunzi wataambiwa wahudhurie darasa la jioni Ibra. Kwa mtu wa Jalan mwenye kazi, na mgonjwa nyumbani, kuambiwa aje Ibra kila jioni ni kuambiwa aache. Bi Kaltham alilijua hilo, na kwa wiki nzima alikuwa anakula chakula chake cha mchana peke yake, jambo ambalo hatukulizoea.

Kilichomtatiza ni kuwa hapakuwa na aliyelalamika. Katika mfumo kulikuwa na kisanduku cha kumuuliza mwalimu, na kila siku kilikuwa kinajaa. Lakini kila alipokifungua alikuta salamu tu. Watu wanamsalimia, wanamuuliza hali, wanamuuliza watoto, basi. Naye, alivyolelewa, alimjibu kila mmoja salamu kamili. Alidhani wanafunzi wake wana adabu sana na wameelewa kila kitu.

Januari 2025, duru ya pili ilipoanza, aliendesha gari hadi Jalan Bani Bu Hassan kumtazama mmoja wa wale walioshindwa kumaliza na waliojiandikisha tena. Anaitwa Dalal, karani wa ofisi moja ya serikali huko, anamuuguza mama yake. Dalal alikuwa amekwama somo la tano kwa miezi saba. Walikaa, kahawa ikaja, tende zikaja, wakaulizana hali za watu wote walio hai na kuwarehemu waliokwisha kufa. Baada ya nusu saa ndipo Dalal alipouliza kwa nini fedha za mwaka ujao zinapungua zikihesabiwa leo. Lilikuwa swali zuri, na jawabu lake lilichukua dakika nne. Bi Kaltham akamuuliza kwa nini hakuuliza siku zote hizo.

"Wallahi abla, swali yangu nimetuma mara kumi na moja," Dalal akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na "abla" kama walimu wa kike wanavyoitwa huku, akamwonyesha simu.

Bi Kaltham, anayetusahihisha sote mpaka kwenye makaratasi ya harusi, hakumsahihisha. Alikuwa anaisoma ile simu. Mara kumi na moja Dalal alianza na assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, akauliza habari za mwalimu, za nyumbani, za mkono wake uliokuwa unamuuma, na kila mara ujumbe ulikatika kabla swali halijaanza. Chini yake majibu kumi na moja ya Bi Kaltham, waalaykumu ssalaam na rehema zake zote, na hali ya mama, na hali ya ndugu, nayo yamekatika kabla ya kufika kwenye "una shida gani, mwanangu?" Kwa miezi saba watu wawili waliolelewa vizuri walisalimiana tu. Dalal aliamini kuwa swali lake ni la kijinga na mwalimu anaona haya kumwambia.

Aliyeweka kikomo cha herufi mia na sitini katika kisanduku kile ni mwandishi wa ukurasa huu. Nilidhani kitawafanya watu waseme kwa ufupi. Sijui nilikuwa na akili gani, mimi niliyekulia nyumba ambayo huwezi kuazima hata kisu kwa jirani bila ya kuulizia kwanza afya ya kila mtu wake. Bi Kaltham aliporudi kutoka Jalan alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akavua miwani, akanambia, "Humoud baba, umewakata watu vichwa." Kisha akacheka hadi akalazimika kukaa.

Mimi nilipendekeza tuweke tangazo kuwa wanafunzi waache salamu, waandike swali tu. Alinitazama hadi nikalifuta tangazo mwenyewe. Tulichofanya ni kuweka visanduku viwili, kimoja cha salamu kisicho na kikomo na kimoja cha swali. Katika mwezi wa kwanza yaliingia maswali mia mbili na tisa. Bi Kaltham alianza kufika ofisini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kila mtu alimjibu vyote viwili, salamu kwanza.

Waliojiandikisha duru hiyo walikuwa hamsini na wanane, kwa hiyo tulihitaji ishirini na tisa wamalize. Mwezi wa Oktoba, hesabu ikiwa bado ndogo, mkurugenzi wetu alimshauri awawekee tarehe, kila somo na siku yake ya mwisho. Ulikuwa ushauri wa nia njema, na wengi wetu tuliuunga mkono. Bi Kaltham alikataa. Alisema watu hawa walijiandikisha kwa ahadi kuwa hapana atakayewaharakisha, na ahadi ameitoa yeye kwa sauti yake katika video ya kwanza.

Tarehe 30 Desemba walikuwa wamemaliza ishirini na wanane. Aliyekuwa karibu alibaki mmoja tu, Dalal, mwenye mtihani wa mwisho uliofunguliwa na haujajazwa. Wiki hiyo mama yake alivunjika nyonga, na Dalal alikuwa naye hospitali Sur. Nilimwambia Bi Kaltham ampigie simu, akampigia nikiwa nimesimama pembeni yake. Alimuuliza mama amelala vipi, daktari amesema nini, nani anapika nyumbani, yeye mwenyewe amekula. Dakika ishirini. Mimi nilikuwa namwashiria kwa mikono miwili, mtihani, mtihani, na yeye amenipa mgongo. Akamwombea dua mgonjwa, akakata simu.

Nilikasirika. Nilimuuliza kama ameona tarehe. "Mama yake mgonjwa, Humoud," akasema, akaendelea kujibu salamu za watu. Nilitoka bila ya kumuaga, na usiku sikumpigia simu, ingawa ndiyo kawaida yetu.

Asubuhi ya pili, tarehe 31, saa nne na dakika arubaini, mtihani wa Dalal uliingia. Aliufanya kwenye benchi nje ya wodi, kwa simu, akapata themanini na moja katika mia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa anasubiriwa yeye. Kozi ikabaki, na mwaka huu wamejiandikisha mia na kumi na wanne.

Bi Kaltham, kwa niaba ya wenzako wote, shukrani kwa kila somo, kwa mashine ya nakala, na kwa yule mbuzi. Tunakuombea afya, safari ya Unguja uliyoiahirisha miaka mitatu kwa ajili yetu, na asubuhi nyingi za kulala mpaka utosheke.

Kuna habari moja ambayo nimekuficha kwa wiki tatu, na unaisoma hapa kwa mara ya kwanza kama wengine. Kuanzia Jumapili tarehe 3 Mei, mwalimu msaidizi wa kozi yako, kwa kazi ya kutwa na kutokea nyumbani kwake Jalan, ni Dalal. Alipokuja kwenye usaili aliulizwa aliwezaje kufanya mtihani katika hali ile. Alisema kila aliyempigia simu wiki hiyo alikuwa anataka kitu kwake, isipokuwa abla wake. Alipoiweka simu chini moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza, na asubuhi yake akaona anaweza.

Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliotaka kitu. Nimekaa na jambo hili tangu Desemba, na usoni kwako nimeshindwa kulisema, basi nalisema hapa mbele ya watu wote: nisamehe, Bi Kaltham. Nenda kapumzike, uishi maisha mema.